Naombeni ushauri: SUV ndogo ya petroli au krosova ya umeme kwa mizunguko ya Tabora, Sikonge na Urambo

Mama Asali

Habari za leo wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu kidogo, naombeni mnivumilie. Hela ninayotaka kuitoa nimeidunduliza miaka minne, na sina nyingine ya kurekebishia kosa.

Nipo Tabora mjini, maeneo ya Ipuli. Kazi yangu ni asali. Naifuata Sikonge na Urambo kwa warina asali, naichuja hapa nyumbani, nyingine nauza mjini na nyingine naipakia kwenye basi kwenda Dar. Gari langu ni RAV4 ya 2007, ile ya cc 2400 yenye injini ya 2AZ. Limetulea mimi na wanangu, sitalisema vibaya, ila sasa linakunywa oili. Jumapili asubuhi nilichomoa stiki, nikaifuta kwa kitambaa, nikaichovya tena, ikatoka na tone moja kwenye ncha. Na oili nilikuwa nimeongeza wiki tatu tu nyuma. Fundi anasema ni ringi za pistoni, injini nyingi za aina hii zina ugonjwa huo, na dawa yake ni kufungua injini yote. Nilishaifungua mara moja mwaka juzi. Sifungui tena.

Kwa hiyo nabadilisha. Chaguo la kwanza ni Mazda CX-5 ya petroli, cc 2000. La pili, ambalo ndilo linaninyima usingizi, ni BYD Atto 3, krosova ya umeme yenye betri ya uniti 60 na kidogo. Kwa bei nilizopewa mpaka gari lifike Tabora likiwa na namba, la umeme limezidi la petroli kwa milioni 14.

Sikutaka kuja hapa na maneno matupu. Mwezi mzima uliopita niliweka daftari garini nikaandika kila safari. Siku 19 nilizunguka hapa hapa mjini: shule, sokoni, stendi, kanisani. Jumla yake kilomita 450. Sikonge nilienda mara 4, na kila mara, ukijumlisha kuingia vijijini, inafika kilomita 180. Urambo mara 2, kwenda na kurudi 180. Siku 6 gari halikutoka kabisa. Jumla ni kama kilomita 1,500.

Petroli nimeiweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. EWURA hutangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila mmoja anaweza kuweka ya kwake. Nikipata kilomita 10 kwa lita nikiwa na mzigo, ni lita 150, yaani 450,000 kwa mwezi. La umeme nimeambiwa nihesabu uniti 20 kwa kila kilomita 100, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Hizo ni uniti 300. Kwa LUKU ya kawaida elfu kumi inatoa uniti 28, hivyo ni kama 107,000. Tofauti ni 343,000 kila mwezi. Ile milioni 14 inarudi ndani ya miezi 41.

Kwenye karatasi nimeshamaliza. Moyoni bado. Nina hofu ya njia za vijijini masika, hofu ya safari ya Dar, na hofu ya kuharibikiwa mahali ambapo hakuna anayejua kulifungua gari hilo. Mwenye uzoefu aniambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba nibaki na petroli.

Dereva wa Zamani

Dada yangu, mimi nimeendesha Tabora–Dar zaidi ya miaka 20, tangu enzi Itigi ni vumbi tupu na masika tunalala njiani siku mbili. Nakwambia kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja: chukua petroli.

Kutoka hapo mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Hilo la umeme wenyewe wanasema linakwenda 420 kwa kipimo cha Ulaya. Weka kiyoyozi cha Oktoba, weka mzigo, weka mwendo wa mia na kumi pale Manyoni, hizo 420 huzioni. Mimi njia hiyo bado sijaona mahali pa kuchajia gari kabla ya Dodoma. Petroli ikikuishia, bodaboda anakuletea dumu la lita tano mnaendelea na safari. Umeme ukikuishia Rungwa huko saa nne usiku, utaletewa na nani, na kwenye nini?

Halafu fundi. CX-5 ikikusumbua Sikonge, yupo kijana chini ya mwembe ataifungua. Pengine hataijua vizuri, lakini atakufikisha nyumbani.

Kijana wa Cheyo

Mzee shikamoo. Rungwa haipo njia ya Dar, hiyo ni ya Mbeya. Ila hoja yako nimeielewa.

Mama Asali, swali moja tu: Dar unakwenda na gari lako mara ngapi kwa mwaka?

Dereva wa Zamani

Marahaba kijana. Kweli, nimechanganya njia, nilitaka kusema kati ya Tura na Itigi.

Mwalimu Kaliua

Mimi niongelee barabara tu, hayo ya hesabu yana wenyewe.

Lami haina shida. Tabora–Urambo lami, Tabora–Sikonge lami. Shida ni pale unapoiacha lami. Asali haikai barabarani, iko ndani, na wewe unajua kuliko mimi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto. Nimeona gari la 4WD limekaa siku nzima kwenye mbuga isiyo na urefu wa mita hamsini, tunakata matawi tunaweka chini ya tairi, linazama zaidi.

Hiyo Atto 3 inasukuma kwa tairi za mbele tu. Uvungu wake ni kama sentimita 17 na nusu likiwa tupu, na chini kabisa ndiko betri iliko. RAV4 yako ina kama 19 au 20. Sentimita mbili unaweza kuziona ndogo, lakini kaa njia ya matrekta ndipo utajua. Nasikia betri imefungwa vizuri na maji hayaingii. Sawa, ila jiwe si maji.

Na hata hiyo CX-5 usidhani ndiyo salama moja kwa moja. Nyingi zinazoletwa ni za 2WD. Uliza kabla hujalipa, maana kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Fundi Umeme Isevya

Nimeingia kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyeligusa: nyumbani. Watu wanauliza nitachajia wapi njiani, wakati gari hili asilimia 90 ya maisha yake litachajiwa ukutani kwako usiku. Mimi nafunga nyaya. Nimeshafunga chaja za magari mawili hapa mjini, na la kwanza lilinifundisha kwa shida.

Mteja aliniita usiku. Gari jipya kwake, limefika juzi, na kila akichomeka taa ya chaja inawaka nyekundu. Amejaribu soketi ya sebuleni, ya jikoni, ya chumbani. Nyekundu. Muuzaji amemwambia kwa simu huenda gari limeharibika melini. Nimemkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, waya wa chaja uko mapajani, hana hata nguvu ya kunikaribisha. Nikafungua soketi: nyaya tatu zipo, ya arthi (ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini), ya kijani na njano, imefungwa vizuri kabisa. Nikafuata mpaka kwenye mein swichi: ipo. Nikatoka nje kufuata waya wa arthi ukutani unaposhuka chini. Nikauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka wote mkononi, ncha yake kavu, imefunikwa udongo kama inchi nne tu. Fimbo ya shaba haikuwekwa. Nyumba ina miaka tisa, friji linafanya kazi, televisheni inafanya kazi, hakuna aliyejua. Gari ndilo lililokataa, kwa sababu chaja inapima arthi kabla ya kuruhusu umeme kupita. Lilikuwa zima kabisa.

Kwa hiyo Mama, kabla ya kulipa gari, lipa fundi aje apime nyumba. Aangalie arthi, na voltaji saa moja na nusu jioni wakati mtaa mzima umewasha, siyo saa nne asubuhi. Mitaa ya pembeni iliyo mbali na transfoma inashuka mpaka 190 au chini ya hapo, na chaja nyingine zinagoma au zinapunguza kasi.

Pia usichaji kwa soketi ya kawaida kila siku. Soketi ya ukutani unaipa ampea 10, hizo ni kilowati 2 na kidogo, na betri ya 60 inataka zaidi ya siku nzima kujaa. Soketi za bei rahisi zinachemka zikivutwa masaa nane mfululizo, nimezitoa zimeungua nyuma kama mkaa. Vuta laini yake peke yake kutoka mein, waya wa milimita 6, breka yake na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Hapo hata ampea 32 inabeba, kilowati 7. Ila kwa daftari lako huhitaji hata hizo. Weka ampea 16. Kuanzia saa tatu usiku mpaka kumi na mbili asubuhi unapata uniti 33. Siku za mjini unahitaji 5. Kabla ya siku ya Sikonge unahitaji 36, na betri yenyewe haitakuwa tupu.

Muha wa Gungu

Nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi ninalo la umeme, mwaka wa pili sasa. Si SUV, ni Nissan Leaf ya betri ya 40, ya Japani. Wakati mji wetu unategemea majenereta ya dizeli nisingethubutu. Gridi ilipotufikia ndipo nilipoanza kuuliza bei.

Kigoma ni milima, mnaojua Mwanga na Gungu mnajua. Kupanda, gari la umeme linakula. Kushuka, linarudisha. Ukiachia mguu, mota inageuka jenereta na gari linajishika lenyewe. Naenda Kasulu, hazifiki kilomita 100 lakini ni kupanda. Natoka na asilimia 100, nafika na 45. Kurudi nashuka, nafika nyumbani na 10 hivi, ndiyo maana kila nikienda nachomeka kwa shemeji saa mbili tatu tukiwa tunakula. Breki zangu bado ni zile zile lilizokuja nazo, fundi alishangaa kuona pedi.

Mabaya yake nayo nayasema. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, joto linailia nguvu. Kabla sijanunua niliomba picha ya vile vistari 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, na kijana mmoja akaisoma kwa programu ya LeafSpy. Usinunue gari la umeme lililotumika bila kuona afya ya betri. Kilomita zilizotembea zinadanganya, umri unadanganya, betri haidanganyi. Hiyo Atto 3 ina nafuu: betri yake ni ya aina ya chuma na fosfeti, inapozwa vizuri, na unaweza kuijaza mpaka 100 bila kuidhuru. Hizi zetu zenye nikeli ni bora kuishi kati ya 20 na 80. Kama kuna anayefikiria Hyundai Kona ya 2018 mpaka 2020, aulize kwanza kama betri ilibadilishwa, maana kampuni iliziita nyingi zirudi karakana mwaka 2021 kwa sababu ya hatari ya moto.

Kitu kingine kilichonilaza njiani hakikuwa betri kubwa. Ni ile ndogo ya volti 12, ya kawaida, kama ya gari lolote. Hata la umeme linayo, na ikifa gari haliwaki ingawa ile kubwa imejaa. Nilishinda nimesimama Kibirizi sokoni na asilimia 70 kwenye betri. Nikaletewa betri ya bajaji, tukagusisha nyaya, likawaka.

Kijana wa Cheyo

Hii ya betri ndogo sikuijua. Asante mkuu.

Mhasibu wa Nzega

Dada, hesabu yako nzuri ila ina tundu. Nyumba yako sasa hivi iko kwenye tarifa ipi ya umeme? Kama upo ile ndogo ya uniti 75 kwa mwezi, elfu kumi inakupa uniti kama 82, siyo 28. Ukianza kuchaji gari unaivuka baada ya kama wiki moja tu, na nyumba yote inapanda, friji na taa vikiwemo. Tuseme nyumba inatumia uniti 70. Zilikuwa shilingi 8,500, sasa zitakuwa 25,000 hivi. Ondoa 16,500 kwenye faida yako ya mwezi. Inabaki kama 326,000, na milioni 14 inarudi kwa miezi 43.

Njia nyingine ni kuomba mita ya pili kwa ajili ya gari, kama wanavyofanya wenye nyumba za wapangaji.

Hapo sijagusa upande wa pili. CX-5 itataka oili na filta kila baada ya kilomita 5,000, plagi, filta ya hewa, na injini yake ina mbano mkubwa, inataka petroli safi. La umeme halina hivyo. Lina tairi, na tairi litalila haraka maana lina kilo 1,750. Ukiweka vyote, mimi naona miaka mitatu na nusu ni makadirio ya haki kwa mtu anayetembea 1,500 kwa mwezi. Anayetembea 500 asisogee, hela yake hairudi kabla gari halijachakaa.

Ushuru kila mmoja apige mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kwa gari lile lile na mwaka ule ule. Msikubali hesabu ya mtu wa kati. Mimi niliwahi kupewa hesabu pungufu kwa milioni 3, nikaijua gari likiwa bandarini, na siku zinahesabiwa.

Mama Asali

Nimesoma kila mmoja wenu mara mbili, na Mungu awabariki. Nyumba ipo tarifa ndogo kweli, sikuwa nimeliwaza hilo kabisa.

Kijana wa Cheyo, swali lako fupi ndilo lililonikalisha kitako. Nimekwenda kwenye daftari la mwaka jana la biashara. Dar nimekwenda na gari langu mara mbili. Mara mbili! Moja ilikuwa msiba wa mjomba, nyingine kupeleka asali ya maonyesho, na hiyo ya pili nilipata hasara kuliko kama ningeituma kwa basi. Yaani nilikuwa nataka kuchagua gari kwa ajili ya siku nne za mwaka, halafu siku nyingine zote nililipie petroli. Mbona sikuiona hiyo? Ni kwa sababu ukiwa Tabora Dar inakaa kichwani. Tunanunua gari la kwenda Dar, kisha tunalipeleka sokoni.

Siku hizo nne nitapanda basi mpaka Dodoma, kisha treni ya SGR mpaka Dar, hiyo huduma ipo tangu 2024. Mzee wangu Dereva wa Zamani, usinichukie.

Ila Mwalimu Kaliua bado hajajibiwa. Mbuga ni kweli. Masika ya mwaka jana niliacha ndoo sita kwenye kibanda cha mrina asali mmoja kwa sababu RAV4 haikufika.

Mwalimu Kaliua

Hapo umejijibu mwenyewe dada. Kama RAV4 haikufika, CX-5 nayo isingefika. Mahali pale ni pa trekta, pikipiki au ng'ombe.

Fundi Umeme Isevya

Na ndoo zenyewe ni lita 20? Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4. Ndoo moja kilo 28. Unabeba ngapi?

Mama Asali

Kumi, kumi na mbili.

Fundi Umeme Isevya

Kumi ni kilo 280. Uwezo wa kubeba wa Atto 3 ni kama kilo 400, pamoja na wewe na msaidizi. Kumi na wewe sawa. Kumi na mbili, wewe, kijana wa kupakia na mizani, umeshaupita mwisho, na uvungu wenyewe unashuka. Usilifanye kenta.

Dereva wa Zamani

Simchukii mtu. Ila tusimfiche mama umeme wenyewe. Mwezi uliopita mtaa wangu ulikatika siku mbili.

Mhasibu wa Nzega

Mzee, umeme wa kuzalisha sasa upo. Bwawa la Nyerere lina mitambo 9 na megawati 2,115. Kinachotuangusha mikoani mara nyingi ni nguzo, nyaya na transfoma. Lakini tuseme umekatika siku mbili: gari lake la siku za mjini linatumia uniti 5 kwa siku. Likiwa na nusu ya betri ana siku sita. Mwaka 2023 mafuta yalipoadimika mikoani wewe ulikaa foleni muda gani?

Dereva wa Zamani

Nililala sheli. Usiku mzima, na dumu miguuni. Hilo sikatai.

Muha wa Gungu

Ongezea: Atto 3 inaweza kutoa umeme pia, kuna waya wake maalum. Ukikatika unawasha friji na taa kutoka kwenye gari. Leaf yangu haikuja na hicho kitu, na ningependa kuwa nacho kuliko viti vya ngozi.

Mama, jambo la mwisho kutoka kwangu, nalo ni la muhimu kuliko yote. Mwambie muuzaji akupigie picha tundu la kuchajia, karibu kabisa, kifuniko kikiwa wazi. La soko la China lina tundu la GB/T, na hapa chaja zake utazitafuta kwa tochi. Kule linaitwa Yuan Plus, na skrini yake ni Kichina mwanzo mwisho. Lile la kuuzwa nje lina tundu la Ulaya, la CCS2. Kwa macho ni gari lile lile. Halafu uliza tairi la akiba. Haya magari mengi hayana, yanakuja na pampu na gundi. Gundi haizibi tairi lililochanwa na kisiki cha mgunga.

Mama Asali

Narudi baada ya wiki tatu, wengi mmeniuliza inboksi.

Nilimuomba muuzaji picha ya tundu. Alinitumia picha ya gari kwa mbele. Nikaomba tena, akanitumia viti. Mara ya tatu akatuma tundu lenyewe, na lilikuwa GB/T. Hela ilikuwa imebaki siku moja itumwe. Nilikaa chini jikoni nikashukuru, maana bila huu uzi ningekuwa nimeshaituma. Nimepata jingine kwa mtu mwingine, la tundu la Ulaya, la 2022, skrini ya Kiingereza, bei imezidi kwa milioni moja na laki mbili. Nimelipa nusu.

Kwa Sikonge nimeamua hivi: nitaishia pale lami inapoishia, au kwenye changarawe nzuri. Wale warina asali wa ndani nimewapigia simu mmoja mmoja. Vijana wawili wa bodaboda watanitolea ndoo mpaka barabarani kwa elfu mbili kila ndoo, na masika watapanda kidogo. Nimeuliza pia kenta ya kukodi kwa ule msimu wa mavuno mengi, Juni na Julai, tukusanye ndoo hamsini kwa safari moja. Nimepiga hesabu, na hata nikiwalipa wote hao bado nabaki na zaidi ya laki mbili kila mwezi ambazo zilikuwa zinaishia sheli. Hiyo ni ada ya mtoto wangu wa pili, na sasa nitailipa bila kukopa.

RAV4 sijaliuza. Kijana wa mdogo wangu analichukua, atafungua injini yeye mwenyewe, ana moyo huo.

Fundi amekuja nyumbani jana. Alipima voltaji saa moja na nusu jioni, ikasoma 208, akasema inatosha. Arthi ilikuwepo, ila kwa ukame wa sasa ilisoma vibaya. Akapigilia fimbo ya pili kando ya bomba la kuogea, pale panapolowa kila siku, akachimba kishimo, akamwaga chumvi na mkaa, kisha ndoo mbili za maji. Mwanangu mdogo ndiye aliyekuwa anamwaga maji, na alitaka kuendelea hata alipoambiwa basi. Alipopima tena ilikuwa imeshuka mpaka ohm 8. Waya wa milimita 6 umeshafika mpaka bandani, breka imefungwa, soketi ya nje ina kifuniko chake cha mvua. Mita ya pili nimeiombea, nasubiri wapimaji.

Gari lenyewe bado lipo majini. Nimeuliza tairi, na hili la kwangu halina la akiba. Natafuta rimu moja na tairi la 215/55 R18, jipya au lililotumika kidogo, ili gari likifika lianze safari ya Sikonge likiwa nalo. Aliyeona pa kupata hapa Tabora, Nzega au hata Shinyanga, naomba aniambie. Nitalifuata kwa basi.

Mhasibu wa Nzega

Kuna duka la tairi karibu na stendi hapa. Nitapita kesho asubuhi niulize, nikuletee bei.